Miwani ya Kwenye Paji

Kaka yangu ni daktari wa meno, na miwani ya kinga aliivaa kwenye paji la uso. Miaka yote tuliyofanya kazi kliniki moja, yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma, sikuwahi kuiona imeshuka ikafika machoni. Wasaidizi wetu walimwita Sultani kwa sababu ya hilo taji la plastiki. Mwenyewe alidhani wanamsifu.

"Mgonjwa anataka kuona macho ya daktari wake," aliniambia kila nilipomsema. "Akiyaona, woga unamtoka. Wewe na hilo dude lako la kufunika uso unawatisha watu kama fundi wa kuchomelea vyuma."

"Fundi wa kuchomelea ana macho mawili, kaka."

"Kwani mimi nina mangapi?"

Wakati huo alikuwa nayo mawili. Mazuri pia, sikatai, na alijua kuwa ni mazuri, ndiyo balaa lenyewe. Angekuwa na macho ya kawaida kama yetu sisi wengine, angeyafunika zamani. Mtu mzima, msomi, anayejua fika kwamba jino likichimbwa huruka mate, damu na vipande, anainamisha uso mtupu juu ya kinywa cha mtu, halafu anajiita mtaalamu! Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. La mdogo wake wa kike, nani alisikie?

Siku yenyewe alikuwa anachimba kijazo cha zamani kwenye gego la mama mmoja mcheshi. Nilikuwa nasikia drili yake ikilia upande wa pili wa ukuta. Mara ikanyamaza, kisha nikasikia tusi. Daktari hatukani mbele ya mgonjwa, kwa hiyo niliacha kazi yangu nikakimbilia huko. Nilimkuta amesimama, miwani iko palepale kwenye paji, safi, haina hata tone, naye anajisugua jicho la kushoto kwa glavu. Glavu ileile iliyokuwa imetoka sasa hivi mdomoni mwa yule mama.

"Toa mkono!" nilimwambia. "Njoo kwenye bomba nikuoshe, halafu twende kwa daktari wa macho."

"Kwa yule? Nimesoma naye yule. Atanicheka mpaka nizeeke."

Basi, ili asichekwe, alinunua matone duka la dawa, akavaa miwani ya jua, akajifungia nyumbani. Miwani ya jua aliiweza, hiyo ilikaa machoni barabara. Mkewe na binti yake, ambaye alikuwa chuoni akisomea meno kama baba, aliwaambia kwamba mdudu alimwingia jichoni akiendesha gari, dirisha likiwa wazi. Mimi niliwaeleza ukweli, nao wakaniona mbea. Sultani ana ulimi mtamu, mimi ninao wa pilipili.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye lilimuumbua jicho. Alipokubali kupelekwa hospitali lilishatunga usaha, na lilipopona likabaki na doa jeupe lisiloona kitu. Drili akaiweka chini, maana kwa jicho moja hakuwa na hakika tena kama ncha imegusa jino au bado. Tangu hapo kazi yake ni kukaa kitini, kutazama picha za eksirei, kuwachangamsha wagonjwa na kusimulia habari za yule mdudu. Mdudu mwenyewe anazidi kukua. Mara ya mwisho kumsikia alikuwa na mabawa ya kombamwiko.

Binti alipohitimu akapewa chumba cha mbele. Mtoto mwerevu, mkono mwepesi, na macho ameyachukua ya baba yake. Nilisimama mlangoni kumtazama akiwa na mgonjwa wake wa kwanza. Akavaa barakoa, akavaa miwani, akaisukuma juu mpaka kwenye paji, kisha akavaa glavu.

"Ishushe hiyo, mwanangu."

"Shangazi, mgonjwa anataka kuona macho ya daktari wake."

Maneno yaleyale, na maringo yaleyale. Niliogopa, nasema kweli. Nikamgeukia kaka yangu, aliyekuwa amekaa pembeni ya chumba akitabasamu kwa fahari.

"Mwambie mtoto jicho lako liliingiwa na nini."

Binti naye akamtazama. "Ni nini, baba?"

"Mdudu," akajibu. "Humjui shangazi yako? Anapenda kukuza mambo."

Sijawahi kumdharau mwanadamu kiasi kile. Binti akacheka, akashika drili, akakanyaga pedali, akainama.

Hapo kaka yangu akainuka. Alinyoosha mkono kwenye paji la binti yake, akafumba vidole ili aishushe ile miwani, na vidole vikashika hewa. Akajaribu tena. Akashika hewa tena, mbele kidogo tu ya uso wa mtoto.

Drili ikanyamaza. Binti aliutazama ule mkono unaopapasa, halafu akalitazama lile doa jeupe.

"Baba," akasema polepole, "kumbe hakukuwa na mdudu."

"Mgonjwa anakusubiri," akajibu Sultani, akarudi nyuma akikitafuta kiti chake kwa mkono.

Binti akaishusha miwani mwenyewe, akabadilisha glavu, akaanza kazi.