Mitungi Minane ya Hewa

Mkuu wa kituo cha zimamoto walimwita Afande Pasi, kwa sababu hata akitoka kwenye masizi suruali yake ilikuwa na mstari ungedhani unakata mkate. Kituo kilimfanana. Ndoo zilipangwa kwa ukubwa, mipira ya maji ilikunjwa, hata majembe yalipigwa deki. Unadhifu huo ndio uliomponza, na asitafutwe mchawi.

Mwezi uliopita kamati ya bajeti ilipotaka kukitembelea kituo, alifanya wanachofanya wakuu wote wa vituo wakisikia wageni wanakuja: aliazima. Mitungi ya hewa, ile ambayo mzimamoto huibeba mgongoni ili apate pumzi ndani ya moshi, kituo kilikuwa nayo miwili tu mizima kwa zamu ya watu sita. Akampigia rafiki yake, mkuu wa kikosi cha moto cha kiwanda cha jirani, akapata sita. Yote minane ikasimama rafuni ikimetameta. Aliona haya madiwani wakute rafu tupu; hakuwaza kwamba rafu tupu ndiyo ingemwombea.

Sasa alikuwa ameketi mbele ya kamati hiyohiyo. Mwenyekiti, mama mwenye duka la dawa, mtu aliyezoea kuhesabu vilivyo rafuni, alikuwa akipitia fungu la zimamoto na kalamu nyekundu mkononi.

"Wazimamoto wapya wanne. Nakupa wawili, Afande. Na usininunie, zahanati hazikupata hata mmoja."

"Sinuni, Mheshimiwa."

"Mitungi ya hewa, sita. Hii naifuta. Mimi mwenyewe nilihesabu minane pale kwako. Mingine ya nini, mnafungua duka?"

Madiwani wakacheka. Afande Pasi naye akacheka, maana woga haujui adabu, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Nyuma ya ukumbi, karibu na mlango, alikaa binti yake, mzimamoto wa kituo hichohicho, aliyemsindikiza kubeba mafaili. Ndiye huingia wa kwanza kwenye moto, kwa kuwa ni mwembamba na mwepesi. Wiki mbili nyuma alivua barakoa yake ndani ya nyumba inayoungua akamvisha bibi mmoja, akatoka naye bila hewa, akatapika maji meusi mpaka jioni. Baba mtu alimshikia ndoo. Siku hiyo ukuu wa kituo ulimtoka wote, akabaki mzazi mwenye hofu.

Akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, ile mitungi sita haikuwa yetu. Niliiazima, msije mkatuona hohehahe. Tunayo miwili."

Mwenyekiti akaiweka kalamu mezani taratibu. "Kwa hiyo uliidanganya kamati?"

"Ndiyo, mama."

"Au unaidanganya sasa, baada ya kuona fungu limefutwa?"

Hilo hakulitegemea. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa kazi. Kutoaminiwa hakukumpitia akilini. Akamtaja rafiki yake wa kiwandani. Karani akapiga simu, akaiweka mezani kila mtu asikie.

"Mitungi?" ilisema sauti ya mtu aliyemsimamia Afande harusi yake. "Hapana, Mheshimiwa. Vifaa vya kiwanda havivuki geti. Nikivitoa hata kwa saa moja, sina kazi."

Alimruka kimanga mchana kweupe, na Afande Pasi hakuweza hata kumchukia. Maneno yale ya mwisho yalikuwa kweli tupu.

"Mliandikishana popote?" aliuliza mwenyekiti.

"Hatukuandikishana. Tulisaidiana tu."

"Basi yupo aliyeiona ikipakiwa? Hata mtu mmoja?"

Kiti kililia kule nyuma. Binti alikuwa anainuka. Gari lililoifuata mitungi aliliendesha yeye, na Afande Pasi alijua vizuri kanuni inasemaje juu ya mtumishi aliyeshiriki kuidanganya kamati: jina linafutwa siku hiyohiyo. Binti yake alikuwa na mtoto wa miaka miwili, na mume asiyejulikana aliko.

"Hakuna," alisema haraka, kabla binti hajasimama sawasawa. "Nilikuwa peke yangu."

Mwenyekiti alimtazama kwa muda, na machoni mwake mlikuwa na huruma, tena huruma ya mtu anayeona mzee anajiaibisha. Kura ikapigwa kwa kunyoosha mikono. Watano kati ya saba walikubali fungu la mitungi libaki limefutwa na mkuu wa kituo asimamishwe kazi kuanzia leo.

Koridoni binti alimngoja kando ya ngazi.

"Nilishainuka, baba."

"Nilikuona."

"Mitungi niliipakia mimi, mmoja mmoja. Wangeniamini."

"Wangekufukuza, mwanangu. Na yule mtoto angekula nini?"

Binti alitazama saa yake. Zamu yake ilianza saa nane. Kisha akachukua mafaili kutoka mikononi mwa baba yake, maana hayakuwa yake tena.

"Haya, kazi ninayo," alisema. "Hewa ndiyo sina."

Akashuka ngazi kuwahi zamu.