Vifungo vya Njano

Doa la kwanza lilitokea kwenye ukosi wa gauni jeupe la bibi harusi. Lilikuwa dogo kama kichwa cha pini, na Kitinda aliliona kabla ya mama yake.

"Mama, umejichoma."

"Mimi?" Mama aliinua mkono, akautazama kama mtu aliyekabidhiwa mkono wa mwingine. Kwenye ncha ya kidole palikuwa na tone jekundu. Akalinyonya, akashika sindano tena. Tone likarudi. Akalinyonya tena, likarudi tena, na safari hii likateleza mpaka kiganjani.

Mtaa mzima ulimwita Sindano. Ulimi wake ulichoma, hilo halikuwa na ubishi, lakini jina lilitoka kwenye kazi: hakuna aliyewahi kumwona akijichoma. Kitinda, binti yake wa mwisho aliyekulia chini ya meza ya kukatia, alimfunga kidole kwa kipande cha bitana, kisha akalisugua doa kwa sabuni na maji baridi mpaka likafifia. Kidole chenyewe hakikukauka. Wakati wa kula kilikuwa bado kinavuja.

"Damu yako imekuwa nyepesi kama chai ya mgeni asiyetakiwa," alisema shangazi kutoka kwenye kochi lake la dirishani.

"Nyepesi, lakini inatembea, wifi. Si kama magoti ya watu fulani."

Wakacheka wote wawili. Kitinda hakucheka. Alikuwa ameona alama za zambarau kwenye mikono ya Mama. Mama alisema amejigonga kwenye meza ya kukatia. Meza ile ilikuwa pale kabla Kitinda hajazaliwa. Ilikuwaje ianze kumpiga leo?

Karakana na nyumba vilikuwa kitu kimoja: mbele cherehani, pasi na sanamu ya kupimia nguo, nyuma vyumba vya kulala. Humo waliishi Mama na Kitinda, shangazi aliyekuwa dada wa marehemu baba, na mjomba, kaka yake Mama. Ilikuwa nyumba ya watu wanne na, kama mjomba alivyopenda kusema, viungo vibovu visivyo na idadi.

Mama aliumwa mikono. Vidole vilimvimba vyote kwa pamoja, kulia na kushoto, na kila asubuhi viliamka vigumu kama shati lililozidishiwa wanga. Shangazi aliumwa magoti, na yalilia kila aliposimama. Mjomba alishikwa na kidole gumba cha mguu. Kikimwanza, hata shuka likikigusa hupiga kelele. Shangazi alimbandika jina la Bwana Kidole.

Wiki nyingi kabla ya doa lile walikwenda kliniki wote kwa pamoja, kama ukoo unaokwenda kuposa.

"Kwa hiyo sote tuna baridi yabisi," Mama alimwambia daktari, mwanamke mtulivu asiyemkatiza mgonjwa.

"Hapana, mama yangu. Mna magonjwa matatu yanayouma mahali pamoja."

Akawaeleza. Kitinda alipoona nyuso zao zimeganda, akayageuza maneno yale kuwa nguo. Ndani ya goti kuna gegedu, mfano wa bitana ndani ya koti. La shangazi limelika kwa miaka na uzito, sasa mfupa unasuguana na mfupa. Mjomba ana jongo. Asidi imezidi kwenye damu yake, imeganda kuwa chembe kali na kujificha kiungoni, kama pini zilizosahaulika ndani ya pindo. Na Mama, kinga ya mwili wake imemgeukia, inashambulia viungo vyake mwenyewe.

"Yaani mkasi umeacha kitambaa, unamkata fundi," Mama alisema.

"Ndiyo hivyo hasa," daktari alijibu. "Ndiyo maana dawa zenu hazifanani. Msigawane."

Shangazi alipewa parasetamoli na dawa ya kuchua. Mjomba alipewa alopurinoli ya kila siku ya kushusha asidi, na vidonge vikali vya maumivu vya kutumia kidole kikiwaka tu. Mama alipewa mbili. Methotreksati ilikuwa ya kuituliza ile kinga iliyoasi, vidonge vichache, mara moja tu kwa wiki. Foliki ilikuwa kidonge kimoja kila siku, kuukinga mwili na ukali wa ile ya kwanza.

"Methotreksati ni kwa wiki," daktari alirudia, "si kwa siku. Hapo hapana mchezo."

Mama alisikia. Kitinda alisikia. Wote wawili walisikia vizuri kabisa.

Lakini kidonge kimefungwa kwenye karatasi yake ya bati, na vidole vya Mama havikuweza kukisukuma kitoke. Alijaribu kwa meno, akajaribu kwa mkasi, akatukana. Mwishowe alimwita Kitinda avitoe vyote kwa mpigo, naye akavuta sanduku la vifungo.

Lilikuwa sanduku la mbao lenye vijumba vingi, na karakana ile ilikuwa na sheria moja ya kulipanga: rangi kwanza, ukubwa baadaye, matundu hayaulizwi. Cheupe kidogo na cheupe kidogo ni ndugu, kiwe na matundu mawili au manne. Mama aliwahi kumfukuza mwanafunzi kwa kuchanganya cheupe cha maziwa na cheupe cha theluji. Kitinda alivitoa vidonge, akavimimina mezani. Mteja akabisha mlangoni, Kitinda akaenda kumpima kiuno. Aliporudi, makaratasi yalikwishatupwa na Mama alikuwa anafunika sanduku, ameridhika kama mtu aliyemaliza kutia pindo.

Na kwa kweli mikono ilifunguka! Wiki zilivyokwenda uvimbe ulinywea, Mama akarudi kutia uzi kwenye sindano bila kuomba msaada. Alishona huku akiimba. Alipokea gauni la bibi harusi lenye safu ya vifungo kutoka shingoni mpaka kiunoni, kazi aliyokuwa ameiaga.

"Mnaona?" alisema, akikunja na kukunjua vidole mbele ya uso wa mjomba. "Dawa ndiyo hii. Wewe endelea kubembeleza kidole chako."

"Mimi na jongo langu tumezoeana," mjomba alijibu. "Sitaki vya watu."

Kisha likaja doa. Baada ya doa ikaja asubuhi ambayo Mama alirudisha mkate sahanini akiwa amekunja uso. Ndani ya mdomo wake palikuwa pamechubuka, vidonda vyeupe vyenye kingo nyekundu, kwenye ulimi na ndani ya mashavu.

"Chai ilikuwa ya moto," alisema.

"Chai ya moto haiunguzi mashavu yote mawili, Mama. Twende kwa daktari."

"Na gauni nimwachie nani? Sanamu?"

"Hata mimi mkate wa leo umenishinda," shangazi alidakia, akisukuma sahani yake. "Mwoka mikate siku hizi anatuchomea mawe."

Kitinda aligusa mkate. Ulikuwa laini.

Jambo lile lilimkaa rohoni. Kutwa nzima alimtazama Mama akishona, na kadiri mikono ilivyokwenda kasi ndivyo uso ulivyozidi kupauka. Mswaki wake ulikuwa na wekundu. Alasiri Mama alijifunga shuka mabegani, ilhali pasi ilikuwa inawaka na chumba kilikuwa tanuri. Kitinda alimwekea kiganja kwenye paji la uso. Joto lilimchoma.

"Niache, nimalize vifungo," Mama alisema. Midomo yake ilitetemeka. "Nipe kidonge changu cha leo, basi utulie."

Kitinda alifungua sanduku. Kwenye kona, kando ya vifungo vya khaki, kilikuwapo kijumba cha njano: vidonge vidogo, vya mviringo, vimejaa nusu. Alichukua kimoja. Kisha, bila kujua kwa nini, akachukua na kingine, akavipeleka dirishani, akavigeuza kama mtu anayetafuta matundu. Kimoja kilikuwa na mstari katikati. Kingine hakikuwa nao, na njano yake ilikuwa imekolea kidogo tu, tofauti ambayo hata jicho la fundi lingeiona kwenye mwanga wa dirisha tu.

"Mama," alisema polepole, "dawa ya wiki iko wapi?"

"Si hiyo hapo, ya njano."

"Na ya kila siku?"

"Si hiyo hapo..." Mkono wa Mama ulibaki hewani, uzi ukining'inia. "Ya njano."

Cherehani ya jirani iliunguruma ng'ambo ya ukuta, ikanyamaza.

"Ni za ukubwa mmoja," Mama alisema, na kwa mara ya kwanza maishani Kitinda alisikia woga katika sauti ile. "Rangi moja. Nilijua ni za namna moja, moja ukila kila siku, nyingine ukiongeza Jumamosi. Mwanangu, nimekula nini?"

Kitinda alimimina kijumba kizima kwenye mfuko, akamvalisha Mama viatu, na gauni wakaliacha kwenye sanamu, mgongo wazi.

Daktari alikuwa yuleyule. Alivitandaza vidonge kwenye karatasi, akavitenga kwa ncha ya kalamu, huku vyenye mstari, kule visivyo nao. Hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililomtisha Kitinda. Walimtoa Mama damu, wakamlaza, wakamtundikia maji. Pale sindano ilipoingia mkononi pakawekwa pamba, na pamba ikaanza kuwa nyekundu.

"Methotreksati huibana mifupa isitengeneze damu haraka," daktari alisema ukumbini, majibu mkononi. "Kwa wiki mara moja, mwili unapata nafasi ya kujirudi. Yeye hakuupa nafasi. Chembe zinazopigana na maradhi zimeshuka. Zinazogandisha damu zimeshuka pia. Kuna dawa nyingine aliyokuwa anakula?"

"Vile vikali vya mjomba," Kitinda alisema. "Akishona sana, anaomba kimoja."

Daktari alifumba macho kidogo. "Hivyo navyo huzichelewesha figo kuitoa methotreksati. Ilikuwa inaingia na haitoki."

"Atapona?"

"Tumemwanzishia dawa ya kuipinga, na nyingine za homa. Siku hizi chache ndizo zitakazosema. Sitaki kukudanganya." Kisha akauliza, kama mtu anayekagua mlango kabla ya kuondoka: "Nyumbani kuna mwingine anayekula kutoka kwenye hilo sanduku?"

"Hakuna."

Neno lilikuwa limekwisha kumtoka. Lakini mbele ya macho yake ilisimama sahani ya mkate, mkate laini, na mkono wa shangazi ukiisukuma.

Simu iliita mara kadhaa. Ikapokewa na mjomba.

"Mjomba, shangazi yuko wapi?"

"Bibi Magoti? Kalala tangu mlivyoondoka. Kajifunika gubigubi. Nimemtania weee, hata tusi moja hajanirudishia. Mimi nikasema leo kaokoka."

"Muulize kama Mama alimpa vidonge vya njano. Sasa hivi. Muulize!"

Alisikia visigino vya mjomba vikichechemea, mlango, minong'ono. Mjomba aliporudi, mzaha ulikuwa umemtoka sautini.

"Anasema wifi yake alimpa aonje, baada ya mikono kupona. Anasema walikubaliana usiambiwe, ungewahubiria. Kitinda... mto wake una damu."

"Mlete. Usimpe chochote. Mlete!"

Walimlaza shangazi kitanda cha pili, pembeni ya Mama. Yeye alikuwa ameanza juzijuzi tu. Daktari alipoyaona majibu yake alipumua, akasema amewahiwa. Kwa Mama hakusema hivyo.

Mawifi wawili walitazamana kupitia mipira ya maji. Midomo yao ilikuwa imevimba.

"Umeniua, Sindano," shangazi alinong'ona.

"Magoti... yamepona?"

"Hata."

"Basi hukufuata masharti," Mama alisema, akajaribu kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikaacha wekundu kwenye shuka. Muuguzi akaja mbio. Pazia likavutwa.

Kitinda alisimama nje ya pazia, ameshika chuma cha kitanda cha shangazi. Shangazi alimfikia mkono, akaufinya. Upande wa pili walisikia vyombo, amri fupifupi, na pumzi ya Mama ikikwaruza kama uzi unaopita kwenye kitambaa kizito.

Kulipopambazuka homa ilikuwa palepale. Adhuhuri ilipanda. Mama alikuwa amefumba macho, lakini vidole vyake, vile vidole vilivyofunguka, vilikuwa vinatembea juu ya shuka: vinashika, vinachoma, vinavuta. Alikuwa anamalizia vifungo. Mjomba aliketi karibu na miguu yake, kiatu cha mguu wenye jongo mkononi.

"Nibadilishe pamba?" muuguzi aliuliza.

"Acha nibadilishe mimi," Kitinda alisema.

Alikuwa akiibadilisha tangu jana, na kila alipoibandua aliipima kwa jicho alilorithi. Usiku doa lilijaa pamba yote. Asubuhi lilikuwa sawa na kifungo kikubwa cha koti. Sasa aliushika mkono wa Mama, mwepesi na wa moto, akaibandua polepole, akainamia.

Lilikuwa sawa na kifungo cha shati. Jekundu, bichi, bado linang'aa.

Akaweka pamba mpya, akabonyeza kwa kidole gumba, akaanza kusubiri tena.