Msalaba kwenye Mwaloni

Radisav, ndugu wa marehemu mume wangu, simpendi na wala sifichi. Alifyeka mialoni yote ya upande wake wa kilima, akapanda misonobari iliyoletwa kutoka milima ya mbali. Chini yake sasa hakuoti kitu, si uyoga wala kitunguu pori cha masika. Ulibaki mwaloni mmoja mkubwa mpakani, na mbegu zake ndizo zilizonenepesha nguruwe wangu watatu kila vuli. Mahindi ya kuwalisha sina. Bila mwaloni ule, sina nyama ya kipupwe.

Jumatatu alinipigia kelele ng'ambo ya ua. "Shemeji! Kesho naleta msumeno. Ukitaka kulia, lilia kwako!"

"Lete," nikamjibu. "Kichwa kigumu kama kisiki!"

Alfajiri nilikwenda kwa padri Vukašin, ambaye alikuwa akitafuta mti mpya mtakatifu wa kijiji, wa kusalia chini yake, tangu ule wa zamani upigwe na radi. Alifurahi mno. Kulipopambazuka alichonga msalaba kwenye gome la mwaloni, akatoboa tundu, akatia ubani, akaliziba kwa nta, nusu ya kijiji ikitazama. Kwetu mti wenye msalaba haukatwi. Anayethubutu huzika mtu nyumbani kwake.

Radisav alifika na msumeno begani, akauona msalaba, rangi ikambadilika. Nilimcheka mbele ya watu, tena kwa moyo wote.

Akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba. Alipoivaa tena, alikuwa anatabasamu.

"Hongera, shemeji. Padri, mti huu sasa hauguswi, sivyo?"

"Hauguswi, mwanangu."

"Hata tawi?"

"Hata tawi."

"Na mbegu zikidondoka?"

Padri alikohoa, akanitazama kwa huruma. Huruma ile ndiyo iliyonichoma. "Hata mbegu."

"Basi ondoa nguruwe wako, shemeji, wasije wakatuletea balaa."

Nilikuwa najua. Kila mtoto wa huku anajua. Hasira tu ilinifumba macho. Watu wote waligeuka kuwaangalia nguruwe wangu, waliokuwa wakitafuna chini ya mwaloni. Niliokota fimbo nikawafukuza mwenyewe. Jike lilirudi mara mbili.

Vuli ile mbegu zilidondoka nyingi kuliko mwaka wowote, zikaoza palepale. Niliwachinja nguruwe mapema, mbavu zikihesabika. Radisav alikuja kunisaidia kuwashika, kama desturi inavyomtaka ndugu wa mume. Nilimfungia lango, nikawashika peke yangu.