Mtetea Aliyebaki Soy

Wiki aliyozikwa Mzee Mabonga, kuku wa boma lake huko Soy walianza kufa. Walijikunyata kando ya ukuta wa banda, mabawa yameshuka, wakaharisha, wakaanguka. Majirani walisema ni kideri, na hawakushangaa. Kideri hupita kila mara. Kilichowashangaza ni mtetea mmoja mweusi, ambaye Mzee mwenyewe alimletea mkewe kutoka Burnt Forest. Huyo hakuugua. Alitembea katikati ya mizoga akidonoa mahindi yake.

"Mzee ameacha kitu ndani ya huyu," mjane, Mama Lusweti, alisema.

Nasambu, mke wa mwanawe, alikuwa daktari wa mifugo katika maabara moja mjini Eldoret. Aliyaacha maneno hayo yapite. Lakini mtetea alipotaga, akalalia, na vifaranga vyote vikafa vikitoboa maganda, alikuja Soy na mkoba wake.

Alimkuta mtetea amelalia tena. Alimchoma sindano chini ya bawa, akachanganya tone la damu na tone la dawa ya zambarau juu ya kigae cheupe, akakitikisa polepole. Mama Lusweti aliinama kutazama. Mchanganyiko ulitulia kidogo, kisha ukaanza kuganda chembe chembe, kama maziwa yanayokatika.

"Si kideri, Mama. Damu ikiganda hivi, ni Salmonela."

"Lakini yeye ni mzima. Aliyepona kideri hashikwi tena, hata wewe unajua."

"Kideri, ndiyo. Mwili unakiua kinakwisha. Huyu mdudu ni mwingine. Chembe za damu zinazotumwa kumla humla kweli, lakini hafi. Anakaa ndani ya chembe hizo, kwenye bandama, kimya. Kuku anapoanza kutaga, kinga yake hulegea. Hapo mdudu huamka na kuingia kwenye mayai."

Mtetea aliwatazama kwa jicho moja, bila kupepesa.

"Kwa hivyo kuna kitu ndani yake," mama mkwe akasema.

"Kipo."

"Na kinangojea."

Nasambu alitaka kumrekebisha, akakosa kosa la kurekebisha.

Alieleza kwamba mtetea lazima auawe. Waceke wa ng'ambo ya ua alikuwa ameshaomba mayai ya kulalisha, na wanawake wengine nyuma yake. Kila mtu alitaka mbegu ya kuku asiyekufa. Mama Lusweti alikaza shingo, akamwita Nasambu kwa jina la mtoto wake. "Mama Ashley, nilizika mume na kuku wake wote. Huyu mmoja siwezi kumkata kwa sababu ya tone la rangi. Ngoja haya yaanguliwe. Yakifa yote, nitamchinja mwenyewe. Kikitoka hata kimoja kizima, umwache."

Nasambu akakubali. Baadaye ndipo alipoliona kosa lake: yeye, aliyetoka kueleza kwamba uzima haukuwa ushahidi, alikuwa amekubali uzima uwe hakimu.

Siku ya kuangua alirudi. Mama Lusweti alimwekea yai sikioni. Ndani, kifaranga alikuwa akilia, sauti nyembamba iliyo karibu mno. Lilikuwa jambo la kawaida. Vifaranga hulia ndani ya ganda kabla ya kutoka. Nasambu aliendelea kusikiliza. Sauti ikapungua, ikakatika, na yai likabaki na joto lile lile mkononi mwake.

Yalinyamaza moja baada ya jingine. Mtetea hakusogea, ila kila sauti ilipokatika aliinamisha kichwa chini ya kifua chake, kana kwamba anahakikisha.

Kisha yai moja likapasuka, kikatoka kifaranga cheusi, kikasimama.

"Haya, daktari!" Mama Lusweti alicheka huku machozi yakimtoka. "Sema sasa."

Nasambu aligusa mkoba wake, akauacha umefungwa. Damu ya kifaranga isingemwambia kitu: kupitia kiini cha yai, mama humpa mwanawe kingamwili zake, na kupitia kiini hicho hicho humpa ugonjwa. Silaha na adui hutoka mlango mmoja.

Lakini mke wa mwana haondoki kwa mama mkwe mikono mitupu. Mama Lusweti alipouliza amfungie nini, Nasambu alisema, "Nipe huyu mtetea, Mama."

Zawadi iliyoombwa mlangoni hainyimwi.

"Utamfuga?"

"Nitamfuga."

Ulikuwa uongo, na wote wawili waliujua. Mama Lusweti alimfunga mtetea miguu kwa kamba ya katani. Nasambu alipokitazama kifaranga, mama mkwe alikifunika kwa kiganja. "Zawadi ni moja."

Katika maabara, alipompasua, nyama ya mtetea ilikuwa nzuri na mafuta yake ya manjano. Mayai machanga tu ndiyo yaliyoharibika: yalining'inia kwenye vikonyo, yamekunjamana, rangi ya matope.

Baada ya hapo alikwenda Soy mara kwa mara kupima kifaranga. Kila mara mchanganyiko wa zambarau ulibaki laini kama wino. Alimwambia mama mkwe ukweli: hakuna kitu kinachoonekana, ila mdudu aliyelala huenda asijitokeze kigaeni hadi kuku atage. Mama Lusweti alifurahi, akamwita kuku huyo Mabonga, ingawa alikuwa jike.

Asubuhi moja simu iliita maabarani.

"Mama Ashley, huyu wako hajawahi kuugua hata siku moja. Anatulia kama mama yake. Anakutazama vile vile, na jicho moja."

"Mama, ameanza kutaga?"

"Leo! Yai nimelisikiliza kwa sikio, nikacheka peke yangu, eti halijalaliwa hata."

Nasambu alikuwa ameshashika funguo za gari. "Usilitoe. Liko wapi?"

"Waceke alikuwa hapa," Mama Lusweti akasema. "Ameondoka nalo sasa hivi."