Sweta Kwenye Waya wa Bado

Nyumbani kwa Dobi kulikuwa na binti mmoja mwenye umri wa aina mbili. Vyombo vikijaa kwenye karai, alikuwa mtu mzima: "Mkubwa mzima wewe, mpaka uambiwe?" Wageni wakija na habari za watu, ghafla alikuwa mtoto: "Watoto nje, wakubwa tunaongea." Kwa siku moja aliweza kukua na kurudi udogoni mara chungu nzima, na hakuna aliyemuuliza kama anachoka.

Walimwita Ngongoti, kama wale wacheza ngoma juu ya miti mirefu, kwa sababu likizo iliyopita miguu yake ilirefuka peke yake bila kuuarifu mwili uliobaki. Alijigonga kwenye vitu ambavyo vilikuwa palepale tangu azaliwe. Lakini mpira wa wavu ni mchezo unaoithamini miguu ya namna hiyo, na timu ya shule ilipoalikwa kwenda kucheza mji mwingine na kulala huko, jina lake ndilo lililotangulia.

Dobi aliipokea habari hiyo akiwa anapiga pasi suruali. Tangu azae, alikuwa hajawahi kulala usiku hata mmoja bila kusikia pumzi za mtoto huyu chumbani. Aliogopa, na kwa kuwa hakutaka kusema ameogopa, akawa mkali.

"Huendi. Wewe bado mdogo," akasema. "Hebu njoo ukunje haya mashuka, mtu mkubwa hivyo umekaa unanitazama."

"Mama, hata hujafunga mdomo, nimeshakuwa mdogo na mkubwa."

"Unawajibu wakubwa?"

"Si umesema na mimi mkubwa?"

Kesi ikapelekwa kwa Mjomba. Huyu alikuwa mdogo wake Dobi, mlinzi wa mlango wa mahakama, ambaye kwa kusikiliza mashauri ya watu miaka nenda miaka rudi alijiona amebakiza joho tu. Alikuja jioni, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akaomba ukimya ingawa hakuna aliyekuwa anaongea.

Sebule ya Dobi ndiyo iliyokuwa duka lake. Nyaya mbili zilikatiza chumba toka ukuta hadi ukuta. Mmoja ulikuwa na kipande cha boksi kilichoandikwa BADO, na huko zilining'inia nguo mbichi na zilizokunjamana. Wa pili uliandikwa TAYARI. Mjomba alizitazama nyaya, akazitazama tena, akakohoa.

"Kila asubuhi kabla ya chai," akasema, "mlalamikiwa atatundika sweta la mlalamikaji kwenye waya mmoja. Likiwa Tayari, binti ni mkubwa kutwa nzima, kwenye kazi na kwenye raha. Likiwa Bado, ni mtoto kutwa nzima, vilevile. Hakuna kulihamisha mpaka kesho yake. Na asubuhi ya safari, waya ndio utaamua."

Dobi alikubali upesi, maana kesho yake kulikuwa na mlima wa mashuka ya nyumba ya wageni. Asubuhi akalitundika sweta Tayari, roho kwatu.

Ngongoti alifanya kazi kama punda mpaka mchana, na Dobi akamsifu mdogo wake kimoyomoyo. Kisha akaingia mke wa fundi baiskeli, macho mekundu, amekuja kumsema mumewe. Ngongoti akavuta kiti, akajimiminia chai, akakunja nne.

"Pole sana, dada," akamwambia mgeni. "Lakini na wewe umemwonya mara ngapi? Mwanamume akizoea kusamehewa hasikii."

Dobi alitamani ardhi ipasuke. Jambo baya zaidi ni kwamba mke wa fundi baiskeli alilifikiria swali hilo, akaona lina maana, na tangu hapo akawa anamhadithia Ngongoti peke yake. Walipofika kwenye mambo ambayo hata Dobi hakuwa anayajua, aliwakuta wamenong'onezana tayari. Wala hakuna aliyekubali kumrudia.

Kesho yake sweta lilitundikwa Bado, tena kwa kishindo.

"Haya, washa pasi," akasema Dobi, kwa mazoea.

"Pasi ni moto, Mama. Watoto hawachezei moto."

Siku hiyo Ngongoti alitaka kuoshwa miguu. Alitaka kujua kama nguo inaumia ikipigwa pasi, na kwa nini shati lina mikono halafu halina vidole. Saa za mchana akasema amechoka, anataka kupakatwa. Dobi, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa na mtoto, akakaa kwenye kigoda na kusema njoo.

Ndipo alipoingia muuza majeneza kuchukua suti yake nyeusi. Aliona binti mrefu amekaa hewani, miguu imefika sakafuni huku na huku.

"Mama yupo?"

"Nipo huku nyuma," ikatoka sauti.

"Mnauguza?"

"Hapana. Nampakata."

Kazi yake ilikuwa imemfundisha kutozihoji familia. Alichukua suti yake, akatoa pole, akaondoka.

Dobi alipaswa kumsukuma binti wakati huo. Hakumsukuma. Nywele zile zilinukia sabuni ileile ya zamani, na alijaribu kukumbuka ni lini alimpakata mara ya mwisho, asikumbuke. Siku ile ya zamani ilipita bila mtu kumwambia kwamba ndiyo ya mwisho, na kama angeambiwa, asingemtua upesi. Akakaa hivyo mpaka ganzi ikampanda kiunoni.

Kwa hiyo jioni ya kuamkia safari, Dobi alifanya hila ambayo ni dobi tu angeifikiria. Alilifua sweta. Alilifua taratibu, akalisuuza, na alipofika mahali pa kulikamua, hakulikamua. Nguo mbichi haiendi Tayari, hiyo ndiyo sheria ya kazi, na hata Mjomba hawezi kuivunja.

Asubuhi akaligusa. Lilikuwa linadondosha maji. Ushindi ulikuwa wake.

Kwenye kona, Ngongoti alikuwa amelala kwa kukaa, begi mapajani, viatu miguuni, mikono imelishika begi hilo kama linaweza kutoroka. Dobi alisimama akimtazama, maji yakimdondokea kwenye vidole. Halafu akalikamua sweta, akawasha pasi, akaanza. Mvuke ulipanda mpaka kwenye dari. Alipiga pasi mbele, nyuma, mikono, akarudia, huku akifuta uso na kusema peke yake kwamba ni mvuke.

Mjomba alipofika kushuhudia, sweta lilikuwa Tayari, limekauka kau.

Ngongoti aliamka, akaliona, na badala ya kuruka akalikumbatia begi.

"Mama, huko nani atazima taa?"

"Utazima mwenyewe."

"Na nikishtuka usiku?" Akatazama chini. "Hebu lihamishe kidogo."

"Hukumu haihamishwi," akasema Mjomba.

"Wewe nenda kashike mlango," akasema Dobi. "Ndiyo kazi yako."

Akalihamishia sweta Bado, akakaa kwenye kigoda, akafungua mikono. Walikaa hivyo mpaka basi la shule likapiga honi nje. Dobi akainuka, akalirudisha Tayari, akalitoa hapohapo, akamvika mwanawe. Mikono ya sweta iliishia katikati ya mikono yake. Ngongoti akabeba begi, akajigonga kwenye mlango, akaenda.

Mchana Mjomba alipita kumjulia hali dada yake. Pasi ilikuwa ya baridi. Dobi amekaa kwenye kigoda, hajabadilisha nguo wala kuchana nywele, na kwenye waya wa Bado ilining'inia aproni yake.

"Nani ametoa hukumu hii?" akauliza Mjomba.

"Mimi," akasema Dobi. "Nitengenezee chai. Na ukae hapa mpaka nilale."