Kura ya Phonie

Vita vilipokaa Kisangani kama mgeni asiyejua kuaga, Papa Wenceslas, mkubwa wa soko moja la mtaa wa Mangobo, aliona vema kuwapa askari hangari, banda la wauza unga, waweke kreti zao za bia. Unga, alisema, unaweza kuvumilia mvua.

Koko Katungu, bibi aliyeuza unga chini ya hangari ile tangu meno yake yote yangali kinywani, aliomba kura: mkubwa abaki au atoke. Papa Wenceslas alikubali kwa furaha. Alisimama na askari mwenye bunduki pembeni, akauliza nani anamtaka. Mikono yote ikapanda, wenye mikono wakitazama chini.

"Hata wewe, Kaswera?" Katungu alimuuliza jirani yake wa meza.

"Koko, mukono ilipanda yenyewe. Iliona bunduki mbele yangu."

"Bon," Katungu akapaza sauti. "Na wenzetu wa soko wenye walikwama Bengamisa? Barabara imefungwa. Wapige kura kwa phonie." Phonie ndiyo ile redio ambayo wafanyabiashara huitana nayo mji kwa mji. "Na sisi vilevile tupige kwa phonie. Sheria iko moja."

Papa Wenceslas alicheka hadi akajishika tumbo. "Kura ipite hewani kama popo? Sawa, mama. Tutasikia."

Siku ilipofika, akaketi kando ya phonie ya Mangobo na askari wake, akingoja sifa zake. Wanawake wa soko walikuwa kwenye phonie ya mtaa mwingine, Tshopo, kwa Agathe mwenye mashine, anayewajua wote kwa sura. Kila mmoja alisema mara moja tu. Wa Bengamisa walisemea kwao. Wakati wa vita hakuna anayetaja jina lake hewani, kila mtu ana jina la kujifichia.

"Hapa Ndizi Mbivu. Atoke."

"Hapa Sahani Tupu. Atoke, tena mbio."

Sauti zote zilikuja kama nzi ndani ya kopo. Askari aliigeuza bunduki huku na huku, asijue amwoneshe nani.

"Hapa Kitanda Kizima. Atoke, apumuzike. Anakoroma sana."

Papa Wenceslas alisogeza sikio. "Rudilia," akaomba. Haikurudiwa. Kila mtu kura moja. Atoke ikashinda.

Kesho yake askari walileta kreti. Walimkuta Katungu, aliyewekwa na soko kuwa mkubwa mpya jioni ileile, ameketi mlangoni mwa hangari.

"Ondoka, mama. Mukubwa wa soko alitupatia hapa."

"Mwanangu, ilibadilika. Iliamuliwa kwa phonie."

Askari akasimama. Kwake yeye mambo yote makubwa, kusonga mbele, kurudi nyuma, hata kufa, huamuliwa kwa phonie, na hajawahi kuambiwa ni nani anayeamua.

"Kwa phonie?"

"Sauti mingi, mwanangu."

Akapiga saluti. Kisha wakabeba bia yao kuipeleka nyumbani kwa Papa Wenceslas, ambako paa pia halivuji.