Sikio la Tepu

…na ule waya mweusi ndio wa pamoja, unapita kwenye swichi zote mbili kisha unarudi kwenye bodi, huo hauna ubishi, mwekundu na mweupe ndio wa kupeleka habari, mmoja kwa kila tundu la sarafu, basi, kazi ya kufanya huku unapiga mluzi, lakini mluzi ulikuwa umemkauka mdomoni, amelala chali nyuma ya kabati la gemu, kichwa kimezama ndani ya mbao, miguu iko nje kwenye sakafu ya stoo ya mama yake, tochi ameing'ata kwa meno, na macho yamegoma kutoka kwenye kiungo kimoja cha waya, kiungo kidogo tu, kimezungushiwa tepu nyekundu na ncha ya tepu imekunjwa ikaacha kijisikio cha kushikia… si kitu, alijiambia, ni tepu hiyo, dunia nzima inafunga tepu, fanya kazi utoke humu… lakini hakuifanya, alikitazama tu, mate yanamjaa mdomoni kwa sababu ya tochi, na sebuleni sauti ya mama ikasema, "…kaja tena yule mke wa mlinzi, kasimama pale mlangoni hata kukaa hataki," na sauti ya kaka ikajibu kitu ambacho hakukisikia vizuri, kitu kifupi, halafu kijiko kikagonga kikombe.

Mlango wenyewe wa sarafu ni wa chuma, mzito, una kufuli katikati na vitufe viwili vya kurudishia sarafu iliyokwama, na aliyeuokota ni kaka, kwenye yadi ya vyuma chakavu, akaubeba begani mpaka hapa jasho linamtiririka na meno yote nje, mtu mzima mwenye mvi, "bila mlango wa sarafu hilo si gemu, ni televisheni iliyosimama," akasema, na mama akacheka mpaka akashika ukuta, maana mama alijua, wote watatu walijua, zamani yeye na kaka walikuwa wakisimama mbele ya mashine za watu hawana hata sarafu moja, kaka amembeba shingoni ili aone, wanatazama wengine wakicheza mpaka mwenye duka anawafukuza, na wakirudi nyumbani kaka anamwambia, tulia, iko siku tutakuwa na letu, na kweli, ubao wameukata wenyewe, kioo wametoa kwenye kompyuta iliyokufa, na Jumapili iliyopita kaka akalala hapa hapa, mgongo wake kwenye sakafu hii hii, akaunga nyaya za mlango wa sarafu upande wa swichi, akasema kilichobaki malizia wewe, mimi kiuno kimegoma… kwa hiyo kiungo hiki ni cha kaka, na kuna ajabu gani, kaka ni fundi, mafundi wanaunga nyaya, ndiyo kazi iliyowalea wote, kaka aliacha shule akaingia kwenye ufundi wa lifti baba alipofariki, akamsomesha yeye, kisha akamtia kwenye lifti hizo hizo, kampuni moja, boksi la vifaa moja, watu wanawaita mapacha na kumbe wameachana miaka kenda… angalia swichi, angalia kile kijiwaya chembamba kama sharubu la paka, sarafu ikishuka inakigusa, swichi inasema tik, mashine inajua imelipwa, haina namna nyingine ya kujua, swichi ikisema imelipwa basi imelipwa, hata kama hakuna sarafu, hata kama mtu ameunganisha tu waya mmoja juu kwa juu, mashine masikini inaamini… na lifti nayo ni vivyo hivyo, lifti inaamini, ukiiambia milango yote imefungwa inaondoka.

Hapana, usiende huko. Mweupe kwenye mguu wa pili, si wa tatu, ukiweka wa tatu itahesabu sarafu ovyo mpaka bodi iungue. Lakini mawazo yalikuwa yameshafika huko bila ruhusa yake, ghorofa ya tatu ya lile jengo wanalohudumia lifti zake, ukumbi umepigwa deki nusu, ndoo imelala ubavu, maji yamepita kwenye kizingiti cha lifti yakashuka shimoni, mama wa usafi alikuwa akirudi nyuma akivuta ndoo, akasikia mlango uko wazi, akaingia kinyumenyume akijua ana lifti nyuma yake, kumbe ana shimo… na fundi wa kwanza kuitwa alikuwa yeye, hakuna mwingine, alipanda juu ya paa la lifti, akafungua kasha la nyaya, tochi mdomoni kama sasa, akaona, au aliona kama ameona, kipande cha waya kimerukishwa juu ya swichi ya mlango, yaani mlango uwe wazi, uwe umefungwa, lifti inaambiwa umefungwa, na kila aliye kwenye kazi hii anaujua waya huo, wapangaji wanapiga kelele, kipuri hakijaja, bosi anapiga simu kila baada ya pumzi, basi mtu anaruka swichi, anasema nitarudi kuutoa… halafu kaka akafika, akamshika bega, "umepauka, mdogo wangu, shuka ukanywe maji, hapa niachie mimi," na yeye akashuka, akanywa maji, na wakaguzi walipopanda hawakukuta waya wowote, walikuta ufunguo wa mlango wa lifti mfukoni mwa mlinzi, ufunguo ambao hukaa hapo siku zote kwa sababu ndiyo kazi yake, wakasema basi ni yeye aliyefungua, na mlinzi hadi leo yuko rumande, mzee wa watu, mpole, mwenye tabia ya kuwaamkia hata watoto… Yeye mwenyewe, fundi wa kwanza, walipomuuliza alisema hakuangalia vizuri. Hilo halikuwa uongo, alijitetea, mtu umeona waya kwa nukta moja huku chini wanatoa maiti, umeona nini hapo, na kama waya ulikuwepo basi ni wa mafundi wa ile kampuni iliyotunza lifti hizo kabla yao, walikuwa na mchezo huo, kila mtu anajua, na jioni ile alimuuliza kaka, uliona waya wowote mle? kaka akasema, "waya gani?" akaendelea kuvua viatu, na hapo yeye akaona raha, ndiyo, raha, aliipokea ile waya gani kama mgonjwa anayeambiwa huna kitu, nenda nyumbani.

"Ati anasema nini huyo mama?" hiyo ni sauti ya kaka, safari hii juu kidogo. "Atasema nini," mama akajibu, "anauliza kama nyinyi mlioko kule hamjui lolote, mume wake hata kula hali, nami nimwambie nini mwanangu, nikamwambia wanangu wangejua wangesema." Halafu kaka akacheka, kicheko chake kile cha kukatisha habari, akapaza sauti kuelekea stoo, "Fundi! Umelala huko au mashine imekumeza?" na yeye akajibu kwa tochi mdomoni, sauti ya bubu, mama akacheka naye, na mambo yakawa sawasawa kwa muda wa kuvuta pumzi moja… kesho asubuhi wanamwita tena, wakaguzi, peke yake, karatasi ya wito iko kwenye shati lililoangikwa msumarini, kaka anajua, amesema tu malizia gemu mdogo wangu tufurahi… na kijisikio kiko pale pale mbele ya pua yake. Kunja ncha, ndivyo alivyofundishwa siku ya kwanza kazini, usiache tepu imelala, kunja ncha kidogo, mwenzako wa kesho asije akahangaika kuitafuta kwa kucha, na hakuna fundi mwingine aliyemwona akifanya hivyo, wengine wanakata kwa meno na kubandika, huo ulikuwa wema wa kaka, wema mdogo kwa mtu usiyemjua… na kule kwenye kasha la lifti kulikuwa na kijisikio. Kulikuwepo. Nyekundu. Alikiona kabla hata ya kuuona waya wenyewe.

Basi ni mimi! wazo likamrukia, na akalishika kwa mikono miwili, ni mimi mwenyewe, mimi pia nakunja ncha, nilifundishwa na yeye, labda niliruka swichi ile nikasahau, mtu anachoka, mtu anafanya kazi usingizini, nitawaambia kesho ni mimi, mlinzi atoke, kaka abaki na watoto wake na kiuno chake, mimi sina mke wala mtoto, wanifunge tu… alijiona anasimama anasema, na moyo ukawa mwepesi, mwepesi kabisa, mpaka akainua kidole kukigusa kiungo kile, na kidole kikakifuata kile kijisikio kwa mazoea, kulia, na kijisikio hakikuwa kulia. Kilikuwa kushoto. Tepu yote ilizunguka upande usio wake, kama jina lililoandikwa ukaliona kwenye kioo, na hilo lisingemshangaza mtu yeyote aliyekua kwenye nyumba hii, kaka ana shoto, anakula kwa mkono wa kulia kwa sababu baba alimchapa akajifunza, lakini koleo, nyundo, tepu, vyote kushoto, mama mpaka leo anamtania… sasa ile ya lifti, ile ya lifti ilielekea wapi? Kumbuka. Usikumbuke. Paa lilikuwa na grisi, goti lake la kushoto likateleza, akashika kamba, mwanga wa tochi ukapita juu ya kasha kutoka chini kwenda juu, swichi, skrubu, vumbi, nyekundu, na mkono wake, sasa alikumbuka, mkono wake wa kulia ulikwenda wenyewe kwenye tepu ili kuibandua, ukapapasa pale ambapo kijisikio hukaa, haukukipata, ukavuka upande wa pili, na hapo ndipo alipoitwa kwa nyuma, umepauka, mdogo wangu… haukukipata upande wake, kwa hiyo hata ule uongo wa kujitoa mhanga hakuwa nao tena, na akaona jinsi alivyokuwa akijua, tangu siku ile, kila siku, akila, akilala, akipiga randa mbao za gemu hili pamoja naye, na tena akaona kwamba kaka naye alijua kuwa anajua, na ndiyo maana ya gemu, ndiyo maana ya mlango wa sarafu kubebwa begani baada ya miaka yote ile, wiki moja baada ya mazishi ya yule mama wa usafi. Alitaka kulia lakini tochi ilikuwa mdomoni. Nampenda, aliwaza, huyu ndiye baba niliyekuwa naye, na yule mzee kule rumande ni nani wangu, namsalimia tu asubuhi… na ikaja sura ya yule mke, mlangoni, anayekataa kukaa.

Mkono wake ukachukua koleo. Hakuutuma, au aliutuma, hata hilo hatalijua, akakata waya pande zote mbili za kiungo, kipande chote na tepu yake na kijisikio chake kikaanguka kifuani pake, chepesi, hakina hata uzito wa sarafu, na zile ncha mbili zilizobaki zikaning'inia mbali mbali, hazifikiani.

"Imekubali?" kaka akauliza kutoka sebuleni.

Akatoa tochi mdomoni. "Haijakubali, kaka. Waya umepungua."

"Umepungua vipi? Mimi niliacha mrefu."

Alisikia mama akianza kusema jambo kisha akaliacha njiani, akasikia kikombe kikiwekwa chini, kiti kikasukumwa nyuma, na zile ndala zikaanza kuja ukumbini, polepole, za mtu anayeumwa kiuno, na mwanga ndani ya kabati ulikuwa ule ule, na mlango wa sarafu ulikuwa bado haujaungwa, na kile kipande kilikuwa kwenye kiganja chake, angeweza kukitia mfukoni, mfuko ulikuwa karibu, kaka asingekiona. Alikiacha kiganja wazi.